Sura ya Sita: Ngoma Tatu, Vidole Gumba Viwili

Kawangware ni mtaa wa Nairobi wenye watu waliotoka pembe nyingi za Kenya, na Waluhya ni miongoni mwa waliokita mizizi humo. Ndiyo maana kwenye arusi au matanga, kati ya vitongoji vya Gatina na Kongo, si ajabu kusikia isukuti. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma, huku kiongozi akiimba na wachezaji wakiwa wamejipanga safu za wanaume na safu za wanawake. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi za kitamaduni zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Mashabiki wa klabu ya soka ya AFC Leopards nao wameipeleka viwanjani, wakapata njia ya kuisukuma timu yao kwa mikono. Swali la sura hii ni kama mdundo wa namna hiyo unaweza kuingia katika mashine ya gemu ya mkononi, yenye vitufe vichache na skrini isiyozidi kiganja, usife njiani. Ninaamini unaweza. Ninaamini pia kwamba kifaa kidogo kinaufaa mdundo wetu kuliko mashine kubwa ya sebuleni, na kwamba majaribio ya watengenezaji wa Japani na Marekani, yaliyoanguka na yaliyosimama, yanatupa ushahidi wa kutosha kulisema hilo bila woga.

Gemu ya mdundo ina kanuni moja tu: muziki unapigwa, alama zinajitokeza, na mchezaji anatakiwa kubonyeza, kukanyaga au kupiga pale pale pigo linapoangukia. Konami ya Japani ilitoa beatmania mwaka 1997, ikiwa na vitufe vitano na sahani ya kuzungusha kama ya DJ. Mwaka uliofuata ikaja Dance Dance Revolution, ambayo mchezaji hukanyaga mishale minne sakafuni. Mwaka 2005 Harmonix ya Marekani ikaleta Guitar Hero na gitaa lake la plastiki lenye vitufe vitano shingoni. Gemu hizi zilipendwa kwa sababu mwili wote uliitwa mchezoni, lakini chini ya plastiki hiyo kilichokuwa kinachezwa ni muda. StepMania, programu huria ya mwaka 2001 iliyofuata nyayo za Dance Dance Revolution, kwa kipimo chake cha kawaida humpa alama ya juu kabisa aliyekosea kwa milisekunde 22.5 au chini ya hapo, alama ya pili kwa 45, na ya tatu kwa 90. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa kwa milisekunde 16.7 hivi. Mchezaji hodari basi anapimwa kwa kipande cha muda kinachokaribia picha moja. Anayehamisha gemu kama hii kutoka mashine moja hadi nyingine amebeba mizani ya sonara, na mizani ya sonara huharibiwa na vumbi ambalo mizani ya mkaa haiwezi hata kulihisi.

Njia ya kwanza waliyoifikiria watengenezaji ilikuwa kupunguza. Mwaka 2000 Konami ilitoa Dance Dance Revolution kwa ajili ya Game Boy Color, kifaa chenye skrini ya nukta 160 kwa 144, na ndani ya boksi ikaweka kipande cha plastiki cha kubandika juu ya vitufe ili vidole vikanyage palipokuwa pa miguu. Miaka minane baadaye kampuni ya Vicarious Visions ikafanya vivyo hivyo kwa Guitar Hero: On Tour kwenye Nintendo DS, kifaa cha mkononi chenye skrini mbili. Iliunda mshikio wenye vitufe vinne, ukachomekwa kwenye tundu lililokusudiwa kadi za Game Boy Advance, mkono mmoja ukapitishwa kwenye ukanda wake na mkono wa pili ukakwaruza skrini kwa kalamu yenye umbo la kipande cha kupigia nyuzi za gitaa. Gemu hiyo iliuzika, na ubunifu wake unastahili heshima. Hata hivyo wachezaji walilalamikia maumivu ya kifundo cha mkono, kwa sababu kifaa kilichoundwa kushikwa kwa mikono miwili kiligeuzwa kitu cha kuning'inia kwenye mkono mmoja. Kisha Nintendo ikatoa DSi, toleo lisilo na tundu lile, na mshikio ukakosa pa kuchomekwa. Kosa la njia hii liko wazi: ilihifadhi umbo la gitaa ikasahau kuuliza mkono unataka nini. Mwigo wa kitu kikubwa, ukifanywa mdogo, hubeba udhaifu wa vyote viwili.

Njia ya pili ilianzia kwenye kifaa chenyewe. Julai 2005 kampuni ya iNiS ilitoa Osu! Tatakae! Ouendan kwa Nintendo DS. Humo hamna ala yoyote ya kuigwa. Kuna duara kwenye skrini ya kugusa, pete inayolikaribia, na kalamu inayogonga pete inapokutana na duara, huku skrini ya juu ikisimulia kisa cha kundi la washangiliaji wanaowatia moyo watu walioelemewa. Gemu ilikuwa ya Kijapani mwanzo hadi mwisho, lakini wachezaji wa nchi nyingine waliiagiza kwa wingi kiasi cha kuzaliwa toleo la nje, Elite Beat Agents, mwaka 2006. Mwaka huo huo Nintendo ilitoa Rhythm Tengoku kwa Game Boy Advance, ikimshirikisha mtunzi wa muziki Tsunku. Humo kijana wa karate anatupiwa vyungu na mchezaji anabonyeza kitufe kimoja kuvivunja, kwa kufuata sikio zaidi ya jicho. Gemu hizi mbili hazikupoteza chochote kwa kuwa ndogo, kwa sababu hazikuwahi kuwa kubwa. Zilithibitisha kwamba kidole kimoja, kikipewa pigo linaloeleweka, kinaweza kuubeba mdundo mzima, na kwamba furaha ya mchezaji hutoka kwenye kulingana kwa tendo na sauti, hata pale ambapo hakuna sanamu ya gitaa mikononi mwake.

Jaribio ninalolithamini zaidi, na ambalo hoja yangu imesimama juu yake, lilikuja Juni 2009. Rock Band ya sebuleni ilikuwa gemu ya watu wanne: ngoma, gitaa, gitaa la besi na mwimbaji. Harmonix na Backbone Entertainment walipotaka kuiingiza katika PSP, mashine ya mkononi ya Sony, walikabiliwa na mchezaji mmoja mwenye vitufe vya kushoto na vya kulia. Wangeweza kumpa ala moja na kuziacha nyingine zijipige. Badala yake walirudi kwenye gemu zao za zamani, Frequency ya 2001 na Amplitude ya 2003, wakatengeneza Rock Band Unplugged. Mchezaji anaona njia nne, moja kwa kila ala. Akipiga kifungu kimoja cha ngoma bila kukosea, ngoma zinaendelea zenyewe kwa muda, naye anaruka kwenye besi, kisha kwenye sauti, kisha kwenye gitaa, akijua kwamba ala aliyoiacha muda mrefu itaanza kufifia. Kazi yake haiwi tena kupiga ala. Inakuwa kuhakikisha bendi nzima haifi. Ufinyu wa kifaa uliwalazimisha watengenezaji kuuliza wimbo umeundwaje, na jibu likawa kwamba wimbo ni sehemu nyingi zinazohitajiana. Jibu hilo walilolipata kwa kubanwa na vitufe, wapiga ngoma wa Afrika Mashariki wanalijua tangu jadi.

Ushahidi wa hilo umeandikwa. Katika amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao 12, wapigaji ni watatu: omunazi anayeanza, omwawuzi anayeweka noti zake katikati ya zile za mwenzake, na omukoonezi anayekaa upande wa mbao mbili za juu. Wawili wa kwanza hupishana kwa kasi kiasi kwamba msikilizaji husikia nyimbo ndogo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Zinazaliwa sikioni kutokana na kupishana kwao, na yule wa tatu huzichukua na kuzidhihirisha. Mtafiti Gerhard Kubik alilieleza jambo hili kwa wasomi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kule Nyanza, mpiga nyatiti hubeba sehemu kadhaa peke yake: vidole vinacheza kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala, njuga zinalia mguuni, na juu ya yote anaimba. Isukuti iko katika ukoo huo huo. Toa ngoma moja kati ya tatu, na unachobaki nacho hakilingani na theluthi mbili za mdundo, kwa kuwa mdundo ulikuwa unaishi katika nafasi zilizo kati ya ngoma na ngoma. Ndiyo sababu gemu inayompa mchezaji ngoma moja na kumpima kwa saa, hata ikiwa na ngoma kubwa ya plastiki na spika za kutikisa ukuta, itakuwa imekosa kiini. Gemu ya njia tatu kwenye kifaa cha mkononi, inayomtaka mchezaji ahame kutoka ngoma hadi ngoma akizisikia zote, itakuwa karibu zaidi na ukweli.

Wapo watakaopinga kwamba isukuti bila mwili si isukuti. Bega linatikisika, miguu inakanyaga vumbi, na hakuna kidole gumba kitakachofidia hayo. Nakubali kwamba gemu haitachukua nafasi ya uwanja wa ngoma, wala haipaswi kujaribu. Lakini dhana kwamba muziki wa vidole ni muziki pungufu haina mizizi kwetu. Wagogo wa Tanzania wana ilimba, kisanduku chenye vijiti vya chuma kinachoshikwa kwa mikono miwili na kupigwa kwa vidole gumba, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia bila mtu kumwambia ala yake ni ndogo mno. Ala ya mkononi ya vidole gumba viwili ilikuwa Afrika kabla ya mtu yeyote kuwaza kuhusu vitufe vya PSP. Mfano huo una onyo pia. Katika miaka ya 1950 Hugh Tracey alianza kutengeneza na kuuza kalimba iliyotokana na ala za namna hiyo, akaipanga kwa ngazi ya sauti za Kizungu ili inunulike mbali. Ilinunulika kweli, na watu wengi duniani wameifahamu Afrika kupitia kwayo, lakini mpangilio wa sauti wa wenyewe ulibaki nyuma. Kuhamisha ni kuchagua nini kitabaki. Katika isukuti kinachopaswa kubaki ni uhusiano wa ngoma tatu, na huo vidole gumba vinauweza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu saa. Kompyuta hupima kila pigo dhidi ya gridi iliyonyooka, ilhali wapiga ngoma hai husukumana: mmoja anaongeza kasi, wenzake wanamfuata, na utamu uko humo. Kumhukumu mchezaji kwa milisekunde 22.5 dhidi ya saa isiyopumua ni kumfundisha mdundo wa mashine kisha kuuita wa Kakamega. Pingamizi hili lina haki, lakini dawa yake imo ndani ya tatizo. Gridi si lazima inyooke. Ikiwa rekodi imetoka kwa wapiga ngoma halisi, alama za gemu zinaweza kuwekwa pale mikono yao ilipoangukia kweli, na dirisha la kusamehe likapanuliwa au kubanwa kulingana na wao walivyotofautiana. Tena gemu inaweza kumsikilizisha mchezaji ngoma mbili kwanza, ya tatu ikiwa imenyamazishwa, mpaka alihisi pengo lenyewe ndipo aingie. Hapo wanaomwongoza ni wapiga ngoma wenzake waliomo kwenye rekodi, na saa imerudi kuwa mtumishi. Njia ya Unplugged, ambayo ala iliyokamilishwa huondoka mikononi na kujipiga yenyewe, inahitaji kurekebishwa hapa, kwa kuwa katika isukuti hakuna sehemu inayokamilika ikiwa peke yake.

Watakaouliza ni nani Kawangware ana mashine ya gemu ya mkononi wanauliza swali la haki. Nintendo Switch ilitoka mwaka 2017 kwa takriban dola 300 za Marekani, zaidi ya shilingi 30,000 za wakati huo kabla ya ushuru na nauli. Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kilikuwa shilingi 13,572 kwa mwezi. Hesabu hiyo haihitaji maelezo. Watoto wengi wa mtaa huchezea gemu kwenye vibanda vya PlayStation, ambako hulipia mchezo kwa mchezo, na kifaa cha mkononi walicho nacho ni simu. Basi somo la PSP lihamie kwenye simu, lakini kwa macho wazi, kwa sababu simu ina vumbi lake la mizani. Kioo hakina kitufe cha kidole kukihisi. Sauti nayo huchelewa ndani ya mfumo: kuchelewa kwa milisekunde 100 ni sawa na kumsikia mpiga ngoma aliyesimama mita 34 kutoka kwako, na visikizi vya Bluetooth mara nyingi huchelewesha zaidi ya hapo. Google ililijua tatizo hili. Mwaka 2015, kupitia Android 6, iliweka kiwango cha milisekunde 20 za kwenda na kurudi kwa simu zitakazohesabiwa kuwa za sauti ya kitaalamu, na mwaka 2017 ikaongeza njia mpya ya sauti katika Android 8. Lakini viwango vya simu ghali havishuki kwa kasi hadi kwenye simu za bei nafuu, na mtengenezaji makini ataweka mwanzoni mwa gemu jaribio la kupima kuchelewa kwa kila simu, kisha aitumie hesabu hiyo kumtendea haki mchezaji. Asiisahau pia ile simu ya kabambe, mulika mwizi yenye vitufe vya kweli vilivyopangwa vitatu vitatu. Moja, mbili, tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Kidole gumba kinavijua vitufe hivyo hata gizani, na hata ndani ya matatu ya njia ya 46 iendayo Kawangware, ambamo muziki wa dereva umemeza kila sauti nyingine, mtikisiko wa simu unaweza kulibeba pigo hadi kwenye kiganja.

Kuna wazo la kuwapa watoto watatu simu tatu, kila mmoja na ngoma yake, na linavutia kwa sababu linafanana na uwanja wenyewe. Ugumu wake ni kwamba simu tatu zinazotoa sauti kila moja kwa kuchelewa kwake zitavuruga mdundo mbele ya masikio ya wote. Suluhisho lililo rahisi ni simu moja itoe sauti na nyingine mbili ziwe vitufe tu. Unplugged haikuwa na mchezo wa wengi, na ilionekana kuwa upungufu wake mkubwa. Kwetu ingekuwa hatua ya pili, baada ya kila mtoto kujifunza kwanza, akiwa peke yake, kuzisikia sehemu zote tatu. Anayezijua zote ndiye anayejua kuipiga moja vizuri.

Kazi ngumu zaidi haiko kwenye programu. Gemu ya njia tatu inahitaji rekodi tatu zilizotenganishwa, kwa kuwa huwezi kunyamazisha ngoma ndogo katika wimbo ambao ngoma zote zimekwisha kuchanganywa. Harmonix waliwezesha gemu zao kwa kutumia rekodi za kila ala peke yake, na hapo ndipo muziki wetu mwingi wa asili unapokwama: umerekodiwa kwa maikrofoni moja, kwenye sherehe, kelele zikiwemo. Uzito wake kwenye simu unabebeka. Dakika nne za sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni chini kidogo ya megabaiti 4, kwa hiyo ngoma tatu ni kama megabaiti 12, kiasi ambacho bando la siku linakimudu. Kinachohitajika ni wapiga ngoma walipwe kwa kazi hiyo, majina yao yaandikwe kwenye gemu, na haki zao ziwekwe kwa maandishi kabla mtu hajagusa kompyuta, kwani turathi inayolindwa na UNESCO haimlishi aliyeibeba mabegani ikiwa wengine ndio wanaoiuza. Kwa hiyo kijana wa Kawangware au Kibera anayejifunza kuandika programu, na anayetamani kutengeneza gemu ya mdundo itakayokuwa yetu, asianze kwa kuchora skrini. Awatafute wapiga isukuti watatu, akubaliane nao malipo, aweke maikrofoni moja mbele ya kila ngoma, na abonyeze kitufe cha kurekodi.